Mwaka Niliopima Mwanga wa Ardhi

Kosa langu la kwanza mwaka ule lilikuwa kufuta namba ambayo ningepaswa kuiacha ilipo. Ilikuwa sifuri nukta mbili. Ilikuwa imeandikwa tayari kwenye kisanduku kidogo, chini kabisa ya ukurasa wa programu ya kompyuta ya kukadiria umeme wa jua. Pembeni yake kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza ambayo niliyatafuta kwenye kamusi, moja moja, mpaka nikayaunganisha: ni sehemu gani ya mwanga ambayo ardhi huirudisha juu baada ya kupigwa na jua. Waliotengeneza programu walikuwa wameweka sehemu moja kati ya tano, kwa ajili ya watu wasiojua ardhi yao ikoje. Niliisoma namba ile kama tusi. Mimi ardhi yangu naijua, nilijiambia. Nikaifuta, na kisanduku kikabaki kitupu kikinisubiri, nami nikaanza mwaka ambao sikumbuki kama niliwahi kukaa kwenye kiti mpaka mwisho wa chakula.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita nilikuwa Kilema, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa Aloyce, anayeolewa Machame. Aloyce ndiye aliyekuwa fundi wa kufunga paneli katika duka nililofanyia kazi, na tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi. Nywele zimemwisha, sauti iko palepale. Alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja hadi meza ya wakwe, akasema, "Wakwe zangu, mtazameni vizuri huyu. Huyu ndiye aliyeipaka ardhi chokaa ili jua likishaanguka lirudi juu." Mzee mmoja wa Machame, Mlutheri mwenye tai na glasi ya soda, akauliza kwa upole kabisa, "Na lilirudi?" Meza nzima ikaangua kicheko. Nilicheka pia, lakini kifuani nilisikia mwasho ule wa zamani, wa kutaka kusimama nieleze kwamba hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Hesabu ilikuwa sahihi. Naieleza hapa kwa sababu pale mezani mtori ulikuwa unapoa na hakuna aliyetaka maelezo.

Duka lilikuwa mjini Moshi, mali ya Mama Anande, mwanamke aliyeanza na mitumba, akaingia kwenye redio na betri, na mgao wa umeme ulipowachosha watu akaleta paneli za jua. Chumba cha nyuma kilinuka tindikali ya betri na mafuta ya jiko la mchina. Humo, kati ya maboksi, ilikaa kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Aliinunua kwa sababu mshindani wake wa mtaa wa pili alikuwa nayo. Hakuna aliyejua kuitumia. Mimi, niliyeajiriwa kuuza balbu na nyaya, nilianza kuiwasha wakati wenzangu wamekwenda kwa mama ntilie, na wali wangu waliniletea kwenye sahani iliyofunikwa, nikaula umepoa, mkono mmoja kwenye kibodi. Sikuwa nimesoma zaidi ya kidato cha nne, na hesabu nilifeli. Nilichokijua kuhusu jua nilikipata kwenye vijitabu vilivyokuja ndani ya maboksi ya paneli, na kwenye kafe ya intaneti ambako ukurasa mmoja ulifunguka taratibu kiasi kwamba ungeweza kwenda kunywa chai ukarudi ukaukuta nusu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana woga wa namna yake. Aliyekwenda chuo anajua mafunzo yake yaliishia wapi. Mimi sikujua, hivyo kila nilichokuwa sijakisoma nilikiona ndicho kitakachoniumbua. Siku moja nilimsikia Mama Anande upande wa pili wa pazia akimwambia mteja, "Subiri nimwite Injinia." Kisha, kwa sauti ya chini, akidhani sisikii: "Si injinia hasa. Ila ana wasiwasi kuliko injinia, na mimi kwenye kazi napenda mtu mwenye wasiwasi." Nilikaa na maneno yale siku nyingi, nikiyageuza, nisijue kama nimesifiwa.

Kazi iliyoniondolea utulivu ililetwa na Sista Gaudensia, muuguzi aliyesimamia zahanati ya misheni huko Kilema. Aliingia dukani miezi miwili kabla ya Krismasi, mrefu, viatu vina tope jekundu la mlimani, akakataa kiti. Friji yake ya chanjo ilitumia mafuta ya taa. Utambi uliharibika mara kwa mara, moto ukazimika yeye akiwa misa, na akirudi anakuta chanjo zimepata joto. Kina mama waliokuwa wamepanda na watoto mgongoni waliambiwa warudi siku nyingine, na wengine hawakurudi tena. "Nataka friji inayokaa kati ya mbili na nane," alisema, akimaanisha nyuzi za joto. "Chini ya mbili chanjo zinaganda, juu ya nane zinaharibika. Jua lenu linafanyaje huko juu ya paa sitaki kujua. Nataka sindano ya kipimajoto ikae hapo, Januari na Julai." Mama Anande akanigeukia. "Umesikia, Injinia? Julai." Mtu yeyote wa Kilimanjaro anaijua Julai ya mlimani: mawingu yamelala juu ya migomba tangu asubuhi, baridi imeingia mpaka kwenye mablanketi, na jua likitoka linatoka kama mgeni asiyetaka kukaa. Nikasema nitapiga hesabu.

Nikapiga hesabu mpaka nikakonda. Latitudo niliijaza, mawingu ya kila mwezi niliyajaza, mlalo wa paneli niliujaza, mwelekeo niliujaza: kaskazini, upande wa mlima, kwa sababu miezi ya baridi jua letu husimama upande huo. Yote haya yalinichukua asubuhi moja. Kikabaki kile kisanduku cha ardhi. Niliazima mita ya mwanga kwa mpiga picha wa mtaani kwetu, kifaa kidogo chenye sindano alichokitumia kwenye harusi, na nikaanza kuzunguka nacho: unakielekeza juu unasoma, unakielekeza chini unasoma, unagawa. Nilipima ua wa zahanati, kisha, kwa kulinganisha, uwanja wa mpira. Nilipima zege la kituo cha mafuta mpaka mlinzi akanifukuza. Nilikwenda Mabogini, kwenye majaruba ya mpunga, nikainama ukingoni mwa mfereji na mita yangu, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia akaacha kazi.

"Wewe kijana, mnapima mashamba tena? Nani kakutuma?"

"Hapana, mama. Shikamoo. Sipimi shamba, napima mwanga unaorudi."

"Marahaba. Unaorudi wapi?"

"Juu."

Aliangalia juu, akaangalia maji, akamwambia mwenzake, "Anasema hapimi shamba. Wote huanza hivyo hivyo." Nikaondoka nikiwa na namba niliyoipenda. Wiki iliyofuata nilirudi kuihakiki, nikakuta wamefunga maji na jaruba limekauka, namba ikawa nyingine kabisa. Sikupata usingizi. Nilikuwa nimedhani ardhi ni kitu kimoja, unakipima mara moja unakiandika. Kumbe ikinyesha inabadilika, wakipalilia inabadilika, hata wingu dogo likipita inabadilika. Mtu mwenye akili timamu angeirudisha ile sifuri nukta mbili akaenda kula. Mimi nilitafuta namba ya tatu baada ya nukta.

Ndiyo maana siku Aloyce alipopanda Kilema kufunga paneli, mimi nilikuwa Mabogini tena. Tulikutana mlangoni mwa duka, yeye akipakia fremu kwenye gari la misheni, mimi nikitoka na baiskeli. Akaniuliza, "Injinia, zinakaaje hizi?" Nikamjibu bila kushuka kwenye baiskeli, "Zilale kuelekea juu. Nyuzi kumi na tano." Kilema, kama ilivyo kote mlimani, juu ni upande wa mlima na chini ni upande wa tambarare. Mtu anaweza kukuambia kikombe kiko upande wa juu wa meza na wote mezani wakanyoosha mkono mahali pamoja. Nilijisifu kwamba nimesema kama mwenyeji. Aloyce akasema, "Nimekupata," nami nikakanyaga pedali.

Januari tulialikwa kwenye baraka za friji. Tulipokuwa tunapanda kutoka barabara ya chini, paneli zilionekana kwa mbali juu ya paa la zahanati, zikimetameta usoni kwetu, na Mama Anande akanipiga bega: "Zimependeza, eti?" Zilipendeza. Sikujiuliza kwa nini naziona. Ndani, friji nyeupe ilinguruma kidogo kama paka aliyeshiba, na sindano ilikuwa kwenye nne. Betri zilikuwa zimejaa kabla hata ya chakula. Tulikaa jikoni kwa masista, kwenye benchi refu chini ya picha ya Bikira Maria, tukala machalari ya nyama na parachichi kutoka kihambani kwao, shamba la migomba nyuma ya nyumba, na Sista Gaudensia akanichotea mara mbili bila kuniuliza. "Huyu mtoto hali," alimwambia Mama Anande. "Mnamlisha nini huko mjini?" Mama Anande akasema, "Anakula namba, Sista." Nilikuwa na furaha, na hata katikati ya furaha hiyo nilikuwa nimetoka mara mbili kwenda kuitazama sindano. Nilikuwa nimekataa paneli moja ya akiba ambayo Mama Anande alipendekeza tuiongeze. Niliiona kama kukiri kwamba hesabu zangu hazitoshi.

Juni simu ya dukani ililia, na aliyepiga hakuwa na salamu nyingi. "Sindano iko tisa," alisema Sista. "Jana ilikuwa nane. Nimehamishia chanjo kwenye friji ya zamani na nimewasha utambi."  Nilifungua kompyuta, nikapitia kila kisanduku kama anayetafuta kadi iliyopotea mifukoni mwake. Mawingu: yalikuwa sawa. Mlalo: sawa. Mwelekeo: kaskazini, sawa. Betri Aloyce alikwenda kuzipima, akasema ni nzima ila hazijai. Namba moja tu haikuwa na uhakika, ile niliyoihangaikia miezi yote, nayo ilikuwa ya msimu wa kiangazi. Masika yalikuwa yamepita, ua wa zahanati sasa ulikuwa na nyasi na tope jeusi. Ardhi imeacha kurudisha mwanga, nikajiambia. Kila kitu kiliingia mahali pake, na niliona hata raha kidogo, kwa sababu ilikuwa imethibitika kwamba nilikuwa na haki ya kuhangaika. Nikapanda Kilema na magunia ya chokaa.

"Unataka kunipakia ua chokaa," alisema Sista Gaudensia, mikono kiunoni.

"Ndiyo, Sista. Ua wote ulio mbele ya paneli. Mwanga ukigonga cheupe unarudi mwingi."

"Askofu haji mwaka huu."

"Najua, Sista."

"Kwa hiyo napaka kwa ajili ya jua."

Nilipaka mwenyewe, siku mbili, nimejifunga kitambaa puani. Wagonjwa walisimama pembeni wakiuliza ni kiongozi gani anakuja, kwa kuwa kwetu chokaa haipakwi bure. Mtu mmoja akasema ni waziri, na mwenyekiti wa kijiji akaja na koti kuulizia ratiba. Watoto walikimbia humo wakatoka na nyayo nyeupe, wakazipeleka mpaka ndani ya kanisa. Aloyce, aliyekuja kunisaidia kubeba ndoo, aliimba nyimbo za mapokezi. Sindano ilibaki tisa. Asubuhi iliyofuata ikawa tisa na nusu. Sista alinikuta nimepiga magoti mbele ya friji, akafunga mlango wake taratibu ili nisiendelee kuufungua. "Wiki ijayo ni kliniki ya watoto," alisema. "Sikasiriki, mwanangu. Lakini ikifika siku hiyo hali ni hii, mtakuja kuchukua vitu vyenu, na mimi nitabaki na utambi wangu. Utambi naujua unaniangushaje. Hiki chenu sijui."

Nilitoka nje nikasimama katikati ya ua. Sikuwa nafikiri chochote, nilikuwa nataka tu kutoonekana na watu. Ilikaribia saa saba mchana, na mawingu yakaachia kidogo, kama yanavyofanya wakati huo, na jua likapiga. Kwenye tope nisingeona kitu. Kwenye chokaa kivuli changu kilitoka cheusi, kimekatwa vizuri kama kitambaa cha fundi cherehani, kimelala mbele yangu kuelekea chini, upande wa tambarare. Nilikitazama kwa muda. Kisha nikageuka nikatazama kilipotoka: jua lilikuwa nyuma yangu, upande wa mlima, mahali nilipoandika kwenye kompyuta kwamba litakuwa. Halafu nikainua macho kwenye paa. Paneli zote zilikuwa zinatazama nilikokuwa natazama kivuli. Zilikuwa zimelipa jua kisogo.

Aloyce alikuwa jikoni anakula kiburu. Nilimwambia paneli zimekaa kinyume. Hakuacha kula.

"Zimekaa ulivyosema."

"Nilisema juu!"

"Ulisema zilale kuelekea juu. Nimezilaza kuelekea juu. Vichwa viko juu, miguu iko chini." Akaninyooshea kijiko. "Wewe ukilala, kichwa unaweka wapi?"

"Mlangoni."

"Mlangoni?" Alimgeukia sista mpishi. "Umemsikia huyu? Analala kichwa mlangoni kama mbwa wa mlinzi." Sista mpishi akacheka mpaka akajifunika kwa aproni. Aloyce akanirudia mimi: "Mangi, sisi huku tunaishi kwenye mteremko. Mtu hulala kichwa juu. Akilala kichwa chini damu yote inamshukia, anaamka na macho mekundu. Ukimwambia mtu wa Kilema alale kuelekea juu, ataweka mto upande wa mlima. Hata mtoto."

Nilitaka kumkasirikia, lakini alikuwa amefanya nilichosema. Mimi nilikuwa nazungumza juu ya uso wa paneli. Yeye alikuwa anazungumza juu ya mwili uliolala. Ukiinua ukingo wa upande wa mlima, uso unageukia tambarare. Na Januari, jua likiwa upande wa tambarare, kosa hilo lilitufaa kuliko usahihi wangu, ndiyo maana betri zilijaa kabla ya chakula na mimi nikachotewa mara mbili. Tulipanda paani mchana uleule, mimi kwa mara ya kwanza, tukafungua nati, tukahamisha miguu mirefu ya fremu kutoka upande wa mlima kwenda upande wa tambarare. Aloyce alikuwa anasema, "Sasa zinalala kichwa chini, maskini. Kesho zitaumwa kichwa."

Niliporudi Moshi nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya miezi yote ile, na hiki ndicho kinachonitia aibu kuliko chokaa. Niliandika sifuri nukta mbili kwenye kisanduku, nikasoma umeme wa mwezi wa Julai. Nikaandika sifuri nukta saba, kama vile Kilema yote imefunikwa theluji, nikasoma tena. Namba ilisogea kidogo tu, kiasi ambacho wingu moja la asubuhi lingekimeza. Paneli iliyolala nyuzi kumi na tano inatazama mbingu. Ardhi haioni, ila kwa pembe ya jicho. Kisha nikageuza mwelekeo, kaskazini kuwa kusini, na Julai ikaporomoka mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimeipima ardhi yote kuanzia Mabogini mpaka Kilema bila kujiuliza kama namba ninayoitafuta ina kazi. Mama Anande alikuja akasimama nyuma ya kiti akiwa na kikombe cha chai, nikamweleza yote, hatua kwa hatua, sikuacha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo chokaa ilikuwa ya nini?" aliuliza. Nikasema haikuwa ya kitu. Alikunywa chai. "Na ile paneli ya akiba niliyokuambia?" Nikasema naomba tuipeleke. Akasema ipo kwenye gari tangu asubuhi.

Siku ya kliniki ya watoto niliamka sijiamini, nikapanda Kilema. Mawingu yalikuwa yamekaa mpaka kwenye mabati, huoni hata msalaba wa kanisa. Kina mama walikuwa wamejaa barazani, watoto wamefungwa kwenye khanga na sweta, na uani mvua ilikuwa imeanza kuichana chokaa ikawa vijito vyeupe kuelekea chini. Sikuingia. Nilisimama kwenye kizingiti nikimsikiliza Sista Gaudensia akiita majina, na baada ya kila jina kilio cha mtoto, kisha jina jingine. Aliponiona alinyoosha vidole saba juu, bila kuacha kazi. Saba. Ilikuwa karibu mno na nane kwa moyo wangu, na nilikaa pale kwenye baridi mpaka mtoto wa mwisho akalia. Alipotoka kunawa mikono nikamuuliza kama friji ya utambi bado inawaka. "Nimeizima jana," alisema. "Usiniangalie hivyo. Kula kwanza."

Siku hizi nguzo za umeme zimefika Kilema na zahanati ile ina friji ya kawaida. Mama Anande alifunga duka akarudi kwao Machame kufuga ng'ombe, na mimi nina kazi yangu mwenyewe ya kufunga umeme wa jua. Bado nina wasiwasi, na bado napoozesha chakula. Ila sasa napanda paani kwanza, na kompyuta naiwasha nikishashuka.